Sanduku kutoka Chongqing

Sanduku lilifunguliwa kwa patasi na nyundo, saa mbili asubuhi, katika ua wa fundi mmoja wa hapa Nyamianda, mjini Uvira. Mbao zake zilikuwa nyepesi, za mti mweupe ambao haumei kwetu. Ndani mlikuwa na nailoni, ndani ya nailoni karatasi iliyolowa mafuta, na ndani ya karatasi injini ya pikipiki: nyeusi, imejaa grisi, haijawahi kuwaka hata siku moja. Fundi aliipangusa ubavuni kwa kitambaa, akanionyesha maandishi madogo.

"Papa, wewe ndiye unasoma magazeti. Hapo wameandika nini?"

Nikamsomea: Chongqing, China.

"Ni bandari?"

Nikamjibu kwamba ni bandari, ila haina bahari. Akacheka, akarudi kwenye misumari yake. Mimi nilibaki na swali lake kichwani, na jioni nikachukua ramani na kalamu. Nilichokikuta kimenisumbua tangu siku hiyo.

Ukishusha mzigo kwa mto Yangtze kutoka Chongqing mpaka Shanghai, unasafiri karibu kilomita 2,400. Ukitoa mzigo bandari yetu ya Kalundu mpaka Kigoma, Ziwa Tanganyika linakula kama kilomita 170. Kutoka Kigoma, reli ya kwenda Dar es Salaam ina zaidi ya kilomita 1,200. Jumlisha upendavyo, hufiki 1,500. Kwa njia ya mzigo, basi, Uvira iko karibu na maji ya chumvi kuliko mji uliotengeneza injini ile.

Nimezaliwa nikisikia sababu moja ya ughali wa vitu hapa: tuko mbali. Wenye maduka wa soko la Mulongwe wanaisema, wabeba mizigo wa Kalundu wanaisema, hata mimi nimewahi kuiandika gazetini kwa kujiamini kabisa. Tuko mbali na bahari, kwa hiyo msumari ni ghali, sabuni ni ghali, pistoni ni ghali. Sasa huo mji ulio mbali kutushinda, imekuwaje utuuzie sisi?

Chongqing iko kusini-magharibi mwa China, pale mto Jialing unapoingia Yangtze. Mji umejengwa juu ya vilima, barabara zimepandiana kama ngazi, na kuna kituo kimoja ambapo treni ya mjini inapenya katikati ya ghorofa wanamoishi watu. Mtu wa Uvira, aliyekulia kwenye ukanda mwembamba kati ya milima ya Mitumba na ziwa, hatashangazwa na miteremko. Atashangazwa na hesabu. Mwaka 1997 mji huo na wilaya zinazouzunguka uliondolewa katika mkoa wa Sichuan ukawekwa moja kwa moja chini ya Beijing. Eneo lake lote ni kilomita za mraba zaidi ya 82,000. Kivu Kusini yetu nzima, na misitu yake, ni kama 65,000. Sensa ya 2020 ilihesabu humo watu milioni 32. Humo wamo mamilioni ya watu wa vijijini na wa miji midogo ya mbali waliohesabiwa pamoja na mji, jambo ambalo wanaopenda kuuita mji mkubwa kuliko yote duniani huwa hawalitaji.

Biashara ya nje iliingia huko kwa kusukumwa. Waingereza walitaka soko la ndani ya China, na mwaka 1891 Chongqing ikafunguliwa kwa wafanyabiashara wa kigeni. Kufunguliwa kwenye karatasi ni jambo moja na kufikika ni jambo jingine: kati ya mji na nchi ya chini kuna magenge ambamo mto unabanwa na majabali, na mashua zilipandishwa na makundi ya watu waliozivuta kwa kamba wakitambaa kando ya miamba. Meli ya kwanza ya mvuke ilifika mwaka 1898. Mizigo iliyoshuka ilikuwa mafuta ya mbegu za mti wa tung, ya kupaka mbao za meli, na nywele za nguruwe za kutengenezea brashi. Nywele za nguruwe! Nimelitaja hilo kwa makusudi, kwa sababu nitarudi kwenye mizigo ya kushuka.

Kilichoupa mji huo viwanda ni ule umbali wenyewe. Japani ilipoivamia China mwaka 1937, serikali ilikimbilia Chongqing na kuifanya makao makuu ya vita, na viwanda vya pwani vikang'olewa mashine kwa mashine, vikapandishwa mtoni. Mji ukapigwa mabomu kwa miaka, lakini mashine zikabaki. Kisha, kuanzia 1964, Mao aliyeogopa Marekani upande mmoja na Wasovieti upande mwingine akaamuru viwanda vya silaha vifichwe bara, milimani. Kwa mara ya pili Chongqing ikapokea karakana, mainjinia na wachonga vyuma, kwa sababu tu adui hangeifikia kwa urahisi.

Halafu vita vilivyoogopwa havikuja. Mwishoni mwa miaka ya 1970 oda za bunduki zilipungua, na viwanda vya silaha vikaambiwa vitafute kitu cha kuuzia raia. Kiwanda cha Jialing kilichagua pikipiki, na mwaka 1979 kikatoa ya kwanza. Kiwanda cha Jianshe, nacho cha silaha, kikafuata njia hiyo hiyo. Mtu anayejua kutoboa mtutu wa bunduki kwa kipimo sahihi hashindwi kutoboa silinda ya injini.

Hapa ndipo hadithi inapofanana na ua wa fundi wetu. Mwaka 1982, katika mji huo huo, kijana aitwaye Zuo Zongshen alifungua gereji ya kutengeneza pikipiki mbovu. Miaka kumi baadaye alikuwa na kampuni, Zongshen. Mwaka huo wa 1992 mzee mmoja wa miaka 54, Yin Mingshan, aliyekwisha poteza miaka mingi ya ujana wake kifungoni na kwenye kazi za adhabu kwa sababu za kisiasa, alianzisha karakana yenye watu tisa. Inasimuliwa kwamba ujanja wake wa kwanza ulikuwa kununua vipuri vya Jianshe kutoka maduka ya matengenezo, kuviunganisha mpaka viwe injini kamili, na kuiuza kwa bei ya chini kuliko wenye kiwanda. Karakana hiyo ndiyo iliyokuja kuitwa Lifan. Ongeza Loncin, na una majina matatu ambayo kwa muda yaliufanya mji mmoja wa bara kuwa mji mkuu wa pikipiki za China.

Nilipomsimulia fundi habari za Zuo, hakushangaa hata kidogo. Aliuliza tu kama huyo Zuo alikuwa na umeme.

Swali zuri, maana umeme alikuwa nao. Alikuwa na kingine pia, ambacho kwa maoni yangu ndicho kiini cha jambo zima: majirani. Pikipiki za Chongqing nyingi zilizaliwa kwa kunakili za Honda, hasa CG125, ile iliyobuniwa katika miaka ya 1970 kwa ajili ya nchi zenye barabara mbovu na mafundi wachache. Kila mtu alinakili mashine ile ile, kwa hiyo vipimo vikawa vya wote. Karakana moja ikatoa pistoni, ya pili kabureta, ya tatu gia, ya nne kiti, na yoyote iliweza kumuuzia yeyote. Mwenye kiwanda hakuhitaji kutengeneza pikipiki. Alihitaji kujua nyumba ya kugonga hodi. Ndiyo maana fundi wa Nyamianda anaweza kuchukua kipuri kilichoandikwa jina asilolijua na kukiingiza kwenye injini yenye jina jingine, kikakaa. Yeye anasema tu "hii ni CG". Hizo herufi mbili zimesafiri kutoka Japani hadi Yangtze hadi Tanganyika na hakuna aliyezitafsiri.

Isidhaniwe kwamba yote yalikuwa ushindi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 pikipiki za Chongqing ziliingia Vietnam kama nzige, kwa bei ambayo Wajapani hawakuwahi kuiona. Kila kampuni ikashusha bei kumshinda jirani yake, na aliyeshusha bei alilazimika kupunguza chuma mahali fulani. Mwaka 2002 Honda ikaleta Vietnam modeli yake ya bei nafuu, na wanunuzi waliokwisha chomwa na minyororo inayokatika wakarudi kwa Mjapani. Lifan yenyewe, baada ya kujitanua mpaka kwenye magari, ilizama katika madeni na mwaka 2020 ikaingia mikononi mwa mahakama ya ufilisi.

Hata hapa kwetu mambo ni hayo. Simama kwenye njia panda yoyote kati ya Kavimvira na Kalundu uangalie motari waliopanga foleni: wengi wamekalia TVS, na TVS ni ya India. Motari atakueleza bila kuulizwa kwamba ya Mchina ni ya kuanzia maisha na ya Mhindi ni ya kusomeshea watoto. Lakini tazama chini ya kiti, tazama ndani ya ghala, tazama mashambani. Pampu zinazomwagilia mpunga Bonde la Ruzizi, jenereta zinazowashwa jioni umeme ukikatika, zile pikipiki za miguu mitatu zinazobeba sementi: humo injini ndogo ya Kichina bado inatawala, na Chongqing ni mojawapo ya vitovu vikubwa vya injini hizo.

Nami nimelipia darasa hilo kwa fedha yangu. Miaka kadhaa iliyopita niliagiza pampu kwa wakala mmoja aliyeniahidi wiki nane. Ilifika baada ya miezi mitano, bila bomba la kufyonzea, na kitabu cha maelezo kilichofungwa nayo kilikuwa cha mashine ya kukatia majani. Pampu yenyewe, nisiseme uongo, inafanya kazi mpaka leo.

Turudi mtoni. Serikali ya China ilipojenga bwawa la Three Gorges, kuanzia 1994, maji ya Yangtze yalipanda nyuma yake mpaka Chongqing kwenyewe, na njia zile za wavuta kamba kando ya miamba zikazama. Zaidi ya watu milioni moja walihamishwa, wengi wao kutoka wilaya za Chongqing. Sisi tuliokaa kando ya Tanganyika tunajua maana ya kuamka maji yako kwenye kizingiti. Tangu 2020 ziwa limemeza nyumba na barabara kuanzia Gatumba, Burundi, hadi huku, na mto Mulongwe ulifurika hapa mjini Aprili mwaka huo. Tofauti ni kwamba maji yao yalipandishwa kwa mpango na yetu yalipanda kwa mvua. Aliyepoteza shamba sidhani kama anaipima tofauti hiyo. Kwa upande wa biashara, hata hivyo, bwawa lilibadilisha kila kitu: meli kubwa zikaanza kupanda ngazi tano za milango ya maji, na misafara ya tani 10,000 ikawa inafika mji ambao karne moja nyuma ulifikiwa kwa kamba.

Kisha zikaja kompyuta. Kati ya 2009 na 2011, wakati Huang Qifan akiwa kiongozi wa uchumi wa mji na baadaye meya, Chongqing ilizivuta Hewlett-Packard na Foxconn zije kutengeneza kompyuta za mapajani. Kila aliyesikia aliuliza: bila bahari? Jibu la Huang lilikuwa la hesabu ya duka la kawaida. Viwanda vya pwani vilileta vipuri kutoka nje kwa meli, vikaunganisha, vikatoa kwa meli. Mji wa bara ukiiga hivyo utalipa nauli mara mbili, kupanda na kushuka, na utakufa. Kwa hiyo usimlete mwunganishaji peke yake. Mlete pamoja na watengeneza vipuri, mamia yao, wakae mtaa mmoja. Hapo nauli inalipwa mara moja tu, ya kushuka. Ni mbinu ile ile ya pikipiki, isipokuwa safari hii imepangwa ofisini badala ya kuota yenyewe uchochoroni.

Na nauli hiyo ya kushuka wakaitafutia njia nyingine. Machi 2011 treni ya mizigo iliondoka Chongqing, ikapita Kazakhstan, Urusi, Belarus na Poland, ikaingia Duisburg, Ujerumani: karibu kilomita 11,000, kwa takriban wiki mbili na siku kidogo. Duisburg nayo haina bahari. Ni bandari ya mto Rhine, na inahesabiwa kuwa kubwa kuliko bandari zote za bara duniani. Miji miwili ya bara ikapeana mkono juu ya kichwa cha bahari. Baadaye wakafungua tundu jingine upande wa kusini, kwa reli hadi bandari ya Qinzhou, ili mizigo ya Asia ya Kusini-Mashariki isilazimike kuzunguka Shanghai.

Sasa sisi. Njia yetu ni ya zamani kuliko hiyo treni, na ninalisema kwa fahari kidogo. Burton na Speke walipofika Uvira kwa mitumbwi, Aprili 1858, walikuta jina la mji huu likijulikana sana Ujiji: wafanyabiashara wa pwani walikuwa wakipanda mpaka hapa kufuata pembe na watumwa. Kilichokuja kwa njia hiyo kilitoka mbali kama injini ya fundi. Shanga zilichomwa Venezia. Kitambaa cha merikani kilifumwa Massachusetts, kikapita Zanzibar, Bagamoyo, Tabora na Ujiji, na jina lake likabaki midomoni mwetu baada ya viwanda vile kufungwa. Mjerumani alipojenga reli kutoka Dar es Salaam akaifikisha Kigoma mwaka 1914, hakubuni njia. Alitandaza chuma juu ya nyayo za wapagazi. Hata sanduku la fundi lina babu yake. Meli Goetzen, ambayo leo ni Liemba, iliundwa Papenburg, ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa kwenye maelfu ya masanduku, ikaja kuunganishwa Kigoma na kushushwa majini 1915. Ukitaka kusema kweli, pikipiki ya kwanza ya kuunganisha ziwani ilikuwa meli.

Mbelgiji naye aliielewa njia hiyo vizuri kuliko tunavyoielewa sisi. Mwaka 1921, baada ya Waingereza kupewa Tanganyika, aliwabana wakampa maeneo yake mwenyewe katika bandari za Kigoma na Dar es Salaam, kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka, ili mizigo ya Kongo na Ruanda-Urundi ipite bila kubughudhiwa. Belbase, waliyaita. Ni mkataba wa kikoloni na sina haja ya kuulilia. Lakini aliyeuandika alijua kwamba mlango wa Uvira uko Dar es Salaam.

Leo sanduku linashuka melini Dar es Salaam. Kutoka hapo lina njia mbili. Ya kwanza ni kwenda Kigoma kwa reli au kwa lori, kisha kwa boti mpaka Kalundu. Ya pili, mpaka ukiwa wazi, ni barabara ya Burundi, kupita Bujumbura, Gatumba, na kuingia kwa mpaka wa Kavimvira. Mara nyingi kontena halifiki huku likiwa zima. Linafunguliwa njiani, mzigo unagawanywa, unapakiwa upya. Nenda Kalundu asubuhi boti la mbao linapoegesha utaona kazi hiyo kwa macho: vijana wamejipanga ndani ya maji hadi kiunoni, magodoro yanapita vichwani, sementi inapita mabegani, na masanduku ya injini yanabebwa na watu wanne wanne kama jeneza. Karani amekaa juu ya pipa na daftari lake limefunikwa nailoni. Kila mzigo una bei ya kushushwa, kila karatasi ina mhuri, na kila mhuri una ofisi yake.

Boti likishamaliza kushusha, kaa usiondoke. Subiri uone linapakia nini. Mimi nilikaa mpaka saa nane mchana. Liliondoka na abiria, vifurushi vyao, na kreti za chupa tupu.

Hapo ndipo nilipoielewa hesabu ya Huang Qifan kwa upande wa pili. Mwenye boti hafanyi sadaka. Safari ya kurudi tupu inakula mafuta kama ile ya kuja, na gharama yake anaiweka juu ya mzigo wa kuja. Mwenye lori la Bujumbura anafanya hivyo hivyo, na mwenye behewa vilevile. Pistoni ya Nyamianda inalipa nauli yake, halafu inalipa nauli ya nafasi tupu inayorudi Dar es Salaam. Chongqing ya nywele za nguruwe haikuwa tajiri, lakini mashua zake zilishuka zimejaa.

Nasi tuliwahi kujaza. Bonde la Ruzizi lilitoa pamba, na kiwanda cha sukari cha Kiliba, mwendo mfupi kutoka hapa, kilisaga miwa mpaka vita vya 1996 vilipokinyamazisha. Wazee wa Kiliba bado wanapima umri wa watoto wao kwa misimu ya kiwanda. Siku hizi sukari nyingi tunayonywea chai inavuka mpaka au ziwa kutufikia, katika bonde ambalo miwa inamea yenyewe kando ya mifereji.

Isisemwe kwamba hatutoi kitu. Tunatoa dhahabu. Ya Misisi, ya Kamituga, ya Mwenga. Shida ya dhahabu, kwa mtu wa bandari, ni kwamba inaingia mfukoni. Haihitaji boti wala behewa, haimpi kijana wa Kalundu kazi ya kubeba, na kwa kiasi kikubwa haipiti mbele ya karani yeyote. Wachina wenyewe wameifuata mpaka kwenye mito yetu: Agosti 2021 gavana wa Kivu Kusini alisimamisha kampuni kadhaa za Kichina zilizokuwa zikichimba Mwenga, na Januari 2025 mahakama ya Bukavu iliwahukumu raia watatu wa China kifungo cha miaka saba kila mmoja baada ya kukamatwa na vipande vya dhahabu na fedha taslimu. Injini inakuja kwetu ndani ya sanduku, na karatasi zake. Kinachoilipia kinatoka usiku.

Beijing inasema mlango uko wazi. Tangu Desemba mosi 2024 China imeondoa ushuru wote kwa bidhaa za nchi maskini kabisa zenye uhusiano nayo, na Kongo imo, Burundi imo, Tanzania imo. Huko Changsha, mji mwingine mkubwa wa bara, kila baada ya miaka miwili tangu 2019 kunafanyika maonyesho ya biashara kati ya China na Afrika. Kenya ilianza kuwapelekea parachichi mbichi mwaka 2022. Mambo mazuri. Lakini ushuru wa forodha ya China haukuwahi kuwa kilichomzuia mkulima wa Luvungi, huku bondeni kwetu. Parachichi linataka chumba cha baridi, cheti cha afya ya mimea, barabara isiyokatika, na mnunuzi anayejua kwamba wiki ijayo mzigo mwingine utakuja. Ukimwondolea ushuru mtu asiye na gunia umemwondolea nini?

Na barabara yetu ilikatika. Bukavu iliangukia mikononi mwa waasi wa M23 Februari 2025, na ile Barabara ya Taifa namba 5 iliyokuwa ikimpelekea mtu wa Bukavu mafuta ya mawese ya Fizi na samaki wa ziwa ikawa mstari wa mbele. Desemba mwaka huo huo vita viliingia Uvira kwenyewe, na mpaka wa Kavimvira ukafungwa. Wenye maduka walifunga, wengine walivuka na watoto mgongoni. Fundi wangu alifukia vipuri vyake uani, ndani ya pipa, akafukua baadaye. Vilivyokuwa kwenye grisi vilipona.

Kuna mipango, na si ya maneno matupu. Tanzania inajenga reli mpya ya kisasa, na kipande cha Tabora hadi Kigoma walipewa wakandarasi wa Kichina mwishoni mwa 2022. Kutoka Uvinza reli nyingine inaelekea Musongati, Burundi. Uzinduzi wake ulifanyika Agosti 2025, na michoro inaipeleka mbele mpaka Gitega, Bujumbura, Uvira na hata Kindu. Nimeiona michoro hiyo. Mstari unapita juu ya jina la mji wetu bila kukwama, kama mistari yote ya kwenye ramani. Swali ambalo sijaona likiulizwa na wanaoisubiri reli hiyo kwa hamu ni behewa litaondoka Uvira na nini. Reli itashusha bei ya kuja. Ikiwa kurudi ni tupu, itatuletea injini nyingi zaidi za Chongqing, kwa haraka zaidi, na karakana chache zilizosalia zitageuka maduka.

Nilirudi kwa fundi wiki iliyofuata. Injini ilikuwa imeshaingia kwenye fremu ya zamani ya pikipiki ya miguu mitatu, na mwenyewe, mama anayeuza unga wa mihogo, alikuwa amekuja kuichukua na wanawe wawili. Fundi alikanyaga mara tatu. Mara ya nne ikashika, ikatoa moshi wa bluu wa ile grisi ya safari, kisha ikatulia. Kwenye kopo kando yake niliona bushi tatu alizozichonga mwenyewe kwa mashine ya kukodi, kwa sababu zilizokuja na injini hazikulingana na fremu. Nikamuuliza kama anaweza kuchonga mia. Akasema anaweza kuchonga elfu, mukubwa, lakini nani atazinunua na umeme nani atampa.

Mbao za sanduku sikuziona tena uani. Nilizikuta nilipokuwa narudi nyumbani: jirani yake amezifanya mlango wa jiko la nje. Herufi za Kichina ziko pale pale, pamoja na ile mishale miwili myekundu ya kuonyesha upande wa juu wa mzigo. Aliyeupigilia mlango ameugeuza, kwa hiyo mishale inaelekea chini, kwenye majivu.